Nyufa za Nta

Mwaka jana ofisi moja hapa Nakivale iliagiza kwa kikundi chetu cha vijana vitambaa 30 vya meza, vya batiki. Ilikuwa oda yetu ya kwanza kubwa. Wiki nzima tuliyeyusha nta, tukatia rangi, tukaanika kwenye kamba nyuma ya kanisa. Vitambaa 11 vikarudishwa. Karatasi iliyokuja navyo ilisema havifanani na vingine, tena vina mistari mistari kama kitu kilichopasuka.

Sasa niseme ukweli wangu. Mimi ndiye msimamizi wa kikundi, vijana wananiita yaya, na niliona aibu mbele yao. Nilimpa dereva mmoja hela akaniletea kutoka Mbarara kitambaa cha kiwandani, kile kinachochapwa mfano wa batiki. Nikakikata vipande 11, nikashonea lebo yetu inayosema vimetengenezwa kwa mikono. Vijana hawakujua. Kabla ya kuvipeleka nikapita sokoni New Congo kwa mama mmoja muuza bikwembe, eti nimwonyeshe kazi nzuri.

Mama hakuangalia hata maua. Alikigeuza tu. Nyuma rangi ilikuwa imepauka, karibu nyeupe.

"Mwanangu, hii ni ya mashini. Nani amekudanganya?"

Nikanyamaza, maana mdanganyifu nilikuwa mimi. Akavuta kwenye rafu kikwembe kimoja cha bei, akanionyesha pande zote mbili, rangi ileile mbele na nyuma. Halafu akapitisha kidole kwenye mistari myembamba iliyotawanyika kama mishipa ya jani. "Angalia nyufa. Hapa na hapa hazifanani. Ndiyo unajua ni waksi ya kweli."

Nyufa! Zilezile zilizorudisha vitambaa vyetu. Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta habari za kitambaa hiki, jioni baada ya jioni, kila nilipopata bando ya simu. Niliyoyapata ni haya.

Batiki haikuanzia kwetu. Kisiwa cha Java, katika Indonesia ya leo, ndiko ilikopata sifa. Mafundi wa kule, wengi wao wanawake, huchora kwa nta ya moto wakitumia kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba. Penye nta rangi haiingii. Kitambaa kinatiwa rangi, nta inatolewa, kisha wanachora upya kwa ajili ya rangi nyingine. Kimoja kizuri kinaweza kula miezi. Na nta ikipasuka rangi ikapenya kwenye ufa, kwa fundi wa Java hilo lilikuwa kosa. Kwa hiyo ile ofisi haikuwa ya kwanza kulalamika.

Java ilikuwa koloni la Uholanzi, na wenye viwanda wa Uholanzi wakapiga hesabu: mashini ikifanya upesi kazi ya miezi, si tutawauzia watu wa Java batiki yao wenyewe kwa bei ndogo? Mwaka 1846 Pieter Fentener van Vlissingen alianzisha kiwanda mjini Helmond, kampuni ambayo leo ndiyo Vlisco. Mjini Haarlem, miaka ya 1850, Mbelgiji aitwaye Prévinaire alikuwa na mashini ya kupaka utomvu pande zote mbili za kitambaa badala ya nta ya mkono.

Mashini ilikuwa na ugonjwa wake. Utomvu ukikauka ulipasuka, rangi ya buluu ikaingia kwenye nyufa. Wakati wa kuosha, matone mengine ya utomvu yaligoma kutoka, yakaacha vidoadoa. Watu wa Java hawakuvipenda. Isitoshe, mafundi wao nao walianza kutumia mihuri ya shaba iliyoharakisha kazi, na ushuru ukawabana Waholanzi. Biashara ya huko ikafifia.

Kitambaa kilipata wenyewe mahali pengine kabisa. Miaka ya 1890 mfanyabiashara wa Scotland, Ebenezer Brown Fleming, alikuwa akikiuza Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Kuna wanaosema hamu ilikuwa imeshaletwa na askari. Kati ya 1831 na 1872 Waholanzi walichukua Waafrika karibu 3,000 kutoka pwani hiyo kwenda kupigana upande wa Java, na waliorudi inasemekana walileta batiki kwa mama zao na wake zao. Wanahistoria wanabishana kuhusu hilo. Mimi naona askari au mfanyabiashara, wote walileta tu. Waliokubali au kukataa walikuwa wanawake wa sokoni. Na wao walizipenda nyufa. Kila pisi ilikuwa na mishipa yake, hata maua yakiwa mamoja.

Hapo nilicheka peke yangu gizani, jirani akaniuliza kama ni mzima.

Lakini baada ya kucheka nilivitoa vile vitambaa 11 nikavitazama upya, na si vyote vilivyonifurahisha. Ile waksi ilikuwa na nyufa, ndiyo, ila pamba yake ilikuwa imara na rangi haikuchuja. Mteja angeifua miaka. Mimi nilipoloweka vya kwetu, viwili viligeuza maji kuwa mekundu. Hivyo vilistahili kurudi, ofisi haikutuonea. Tisa vilikuwa vizima kabisa, shida yao mistari tu. Naandika hili kwa sababu nimewasikia vijana wakisema "ndiyo mkono wetu huo" juu ya mshono uliopinda au zipu isiyofunga.

Habari iliyonigusa zaidi ni ya nyumbani. Bibi yangu alikuwa msichana Uvira wakati Mobutu alipoleta ile siasa ya kurudi kwenye asili, authenticité. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 watu wakaamriwa kuacha majina ya Kikristo. Bibi aliacha la kwake kwenye karatasi, jikoni likabaki. Wanaume wakakatazwa suti na tai, wakavaa abacost. Wanawake wakakatazwa suruali, wajifunge kikwembe, maana hiyo ndiyo asili. Na kikwembe chenyewe? Fundi alibuni Java, Mholanzi akaiga, mashini ikakosea, wanawake wa Gold Coast wakakipenda, kikazunguka hadi kwetu. Hata abacost, baadhi ya zile za wakubwa zilishonwa Ubelgiji.

Sisemi kikwembe si chetu. Bibi alibebea watoto wake ndani yake, akazikia watu akiwa amejifunga hicho, akavuka mpaka nacho. Kimekuwa chetu kwa kuvaliwa. Asili ya kuandikiwa na serikali ndiyo inayonitia shaka, kwa sababu nimeona jinsi ilivyo rahisi kushonea lebo.

Magharibi huko kitambaa hakikuja na jina, kilikuja na namba ya kiwanda. Majina waliyatoa wanawake wauzaji: "Jicho la mke mwenza", "Mume wangu anaweza", "Ukitoka nami natoka". Mjini Lomé, nchini Togo, wale wakubwa wao waliitwa Nana Benz kwa ajili ya magari yao ya Mercedes. Wengi hawakusoma sana, lakini walijua ua gani litauzika, na kiwanda kiliwasikiliza. Kisha Januari 1994 faranga ya CFA ikashushwa thamani kwa nusu, waksi ya Uholanzi ikapanda bei, na miaka iliyofuata vitambaa vya China vikajaza soko. Siku hizi vingine vina nyufa zilizochapwa. Kosa lenyewe limechorwa na kompyuta, linajirudia palepale kila baada ya hatua chache, na pembeni pameandikwa hollandais.

Yule mama wa New Congo anauza hivyo pia, tena ndivyo vinavyotoka sana, maana mfuko wa mkimbizi unajulikana. Ila mteja akiuliza anajibiwa: hii ya China, elfu kadhaa, hii waksi, jiandae kulia. Nimekaa pale mchana mzima na sijamsikia akichanganya.

Nilifumua lebo zote 11 kwa wembe. Jumamosi niliwaambia vijana nilichotaka kufanya. Walikaa kimya. Kisha binti mmoja, ndiye anayechora vizuri kuliko sote, akauliza, "Kwa hiyo yaya, ulikuwa unaona aibu juu ya mikono yetu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata zuri. Viwili vilivyochuja tulivirudia bila malipo, tukivikolezea rangi kwa muda mrefu zaidi. Tisa nilivipeleka tena ofisini pamoja na barua fupi kueleza nyufa zinatoka wapi. Kile cha Mbarara tunakiuza kwa yadi kama kitambaa cha mashini, kwa hasara, na hela niliyotumia nimeirudisha kwenye kikundi kutoka mfukoni mwangu.

Ofisi ilichukua viwili vipya na vitano kati ya vile tisa. Vinne vikabaki dukani. Wiki iliyopita yule mama alikuja mwenyewe, akavuta kimoja, akakigeuza. Akakitazama nyuma kwa muda kuliko mbele.

"Bei gani?"

Nikamwambia 25,000. Akasema mimi ni mwizi, akatoa 18,000, akakikunja chini ya kwapa akaondoka nacho.