Miaka Iliyorukwa

Nilikwenda kwenye jubilei ya parokia upande wa kwetu, Buhinyuza mkoani Muyinga, nikiwa na daftari, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuchagua historia ya Kanisa kuwa mada yangu. Baada ya Misa, kabla ya ngoma na pombe ya mtama, mzee mmoja alisoma historia. Alianza mbali: Mapadri Weupe walivyofika Muyaga mwaka 1898, Mugera mwaka 1899, kisha Rugari, mkoani kwetu, mwaka 1909. Akafika kwenye Jimbo la Muyinga, lililozaliwa mwaka 1968 kwa kutengwa na Ngozi, akamtaja askofu wa kwanza, Nestor Bihonda. Mara tukawa mwaka 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili akiitembelea Burundi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama daftari langu: miaka 22 imepita wapi?

Hata mwanzo wenyewe ni wa kuchagua. Wamisionari walifika Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879, na watatu wa msafara wao wakauawa mwaka 1881. Lakini Kanisa la Burundi lilipoadhimisha miaka 100 ya uinjilishaji mwaka 1998, katikati ya vita, lilihesabu kuanzia Muyaga. Sioni kosa hapo. Mkulima huhesabu tangu mbegu iliyoota.

Pengo la pili ndilo lililonisumbua. Jean-Baptiste Bagaza alitwaa madaraka mwaka 1976. Katika miaka ya 1980 serikali yake iliwafukuza wamisionari wengi, ikakataza Misa za siku za kazi, ikataifisha seminari ndogo na kupiga marufuku Inama Sahwanya, yaani jumuiya za waumini zilizokutana vilimani kusali na kusaidiana. Shule za Yaga Mukama nazo zikafungwa. Humo watoto na watu wazima waliokosa nafasi katika shule za serikali walijifunza katekisimu pamoja na kusoma na kuandika Kirundi. Nionavyo, hofu ya serikali haikuwa sala. Wengi waliosoma humo walikuwa Wahutu, na nje ya chama cha Uprona hapakuwa na chombo kingine kilichofika kila kilima kama Kanisa. Kamba ililegezwa baada ya mapinduzi ya Pierre Buyoya, Septemba 1987.

Jioni ile nilimuuliza bibi yangu kuhusu miaka hiyo. Bibi husoma kitabu cha nyimbo bila kusita hata neno moja, lakini kwenye karatasi za ofisi huweka dole gumba. Nimeliona jambo hilo tangu utotoni, na nilidhani ni aibu tu ya kushika kalamu mbele ya watu.

Alimenya ndizi mbili tatu kwanza, ndipo akajibu.

“Tulikuwa tumefika kwenye kusoma, mjukuu wangu. Kuandika kulikuwa kunafuata.”

Walipofika asubuhi moja, mlango umefungwa. Mwalimu wao, ambaye naye alikuwa mkulima kama wao, aliwaambia warudi shambani wasije wakaonekana wamekusanyika. Shule ilipofunguliwa tena kwa wengine, yeye tayari alikuwa na watoto mgongoni.

Niliandika maneno yake pale pale, na jina lake chini. Akaomba daftari, akalisogeza kwenye mwanga wa moto, akasoma mistari yote taratibu mpaka mwisho. Kisha akanirudishia.

“Jina langu lifute,” akasema. “Maneno yaache.”