Safu ya Lugha: Tiba ya Shughuli si Kibarua

Kuanzia Migori hadi Homa Bay, wengi hudhani "tiba ya kazi" ni kumtafutia mraibu kibarua. Sivyo. Kibarua kilikuwa kijikaratasi cha mfanyakazi wa kutwa, cha kudai ujira. Neno linalofaa hapa ni shughuli, kutoka Kiarabu: lolote linaloijaza siku ya mtu. Kuoga, kupika, kulima, kutengeneza nyavu, kulala kwa wakati. Pombe ya chang'aa ikishayavuruga hayo, mtaalamu wa tiba hii humsaidia mgonjwa kuyapanga upya, hatua kwa hatua, hadi saa za kunywa zipate jambo jingine la kuzijaza.

Na tuseme mraibu, tusiseme mlevi wala teja. Uraibu, neno lililowahi kutumika kwa tambuu, leo hutaja maradhi. Maneno hayo mengine mawili humtusi mgonjwa. Tumwite kwa jina linalomwachia njia ya kupona.