UZI: Mheshimiwa akitoa siri ya mwili wake, huo ni ujasiri?

Kuna swali halikosi kwenye mabishano ya siasa, iwe ni studio ya redio ama pale steji ya Nyamasaria watu wakingoja matatu ya Ahero. Mwanasiasa akisimama na kusema jambo la ndani la mwili wake, tumpigie makofi kama shujaa? Majina ya waheshimiwa na ya vyama hayatatajwa hapa. Twende kwenye historia, na kwetu huku iko karibu sana.

Mwaka ni 2008. Baadhi ya wanasiasa wa Nyanza wanatamka mbele ya umma kwamba wao wametahiriwa. Mtu wa Bungoma ama wa Meru akisikia hivyo atauliza, sasa habari iko wapi? Kwao hilo ni jambo la kila mwanamume. Lakini kwa Waluo alama ya kukua zamani ilikuwa nak, kung'olewa meno sita ya chini. Tohara haikuwa mila. Na kwa miaka mingi majukwaa ya siasa Kenya yamegeuza tofauti hiyo kuwa tusi: asiyetahiriwa ni mtoto, na mtoto hapewi nchi. Hebu tusidanganyane, karibu kila mtu mzima hapa ameshalisikia, kwa lugha moja ama nyingine.

Halafu tusi likashika panga. Januari 2008, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, wanaume Waluo huko Naivasha na Nakuru walikamatwa na kutahiriwa kwa nguvu. Kuna waliokufa. Tume ya Waki iliyaandika haya kwenye ripoti yake ya Oktoba mwaka huo. Wengi waliofukuzwa kule walirudi Nyanza, na ukitoka Nakuru kwa njia ya Kericho, unapita Awasi, unapita Ahero, unaingia Kisumu kwa hapa hapa Nyamasaria.

Shikilia hapo kwanza, kwa sababu kuna hadithi ya pili, ya hospitali, na ndiyo iliyowafanya waheshimiwa waseme.

Kati ya 2002 na 2005, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 waliandikishwa Kisumu kwenye utafiti uliokuwa na makao yake kliniki ya Lumumba. Waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu watahiriwe mara moja, nusu wangoje. Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilishaonekana. Waliopata virusi vya Ukimwi walikuwa 22 kwenye kundi la waliotahiriwa, na 47 kwenye kundi la waliongoja. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara iwe sehemu ya kinga. Na Nyanza ndiyo ilikuwa inaumia: takwimu za 2007 ziliweka maambukizi hapa karibu asilimia 15, wakati nchi nzima ilikuwa kama 7.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mwanasiasa wa hapa, 2008 hiyo hiyo. Ukinyamaza, vijana wanaendelea kuzikwa. Ukisema "mimi nimetahiriwa, nendeni nanyi", kuna mtu nyumbani atakuuliza: kwani wale waliotukata kwa panga walikuwa sawa? Baadhi ya wazee wa Waluo walipinga mpango huo waziwazi, na hawakuwa wajinga. Walikuwa wanalinda heshima ambayo ilikuwa imetoka kukanyagwa miezi michache nyuma. Ndiyo maana mpango wenyewe ulisisitizwa kuwa ni tohara ya hiari, ya kitabibu. Neno "hiari" mahali pengine ni la makaratasi tu. Hapa lilikuwa na uzito wa mwili wa mtu.

Kwa hivyo mimi sikubaliani na wanaosema zile zilikuwa siasa tu. Kulikuwa na gharama.

Lakini pia siwezi kugawa sifa kama peremende. Wakati waheshimiwa wanasema, sayansi ilikuwa imeshasema, na serikali ilikuwa na mpango. Na kuna swali dogo ambalo kwenye mikutano ya hadhara huwa haliulizwi: ulitahiriwa lini? Aliyetahiriwa hospitalini akiwa mtoto, kwa sababu mzazi wake alitaka hivyo, anatangaza kitu ambacho hakuamua. Aliyeamua akiwa mtu mzima na jina kubwa, akijua atachekwa na pande zote mbili, huyo ni mwingine. Sisi tuliwapigia makofi wote sawa.

Linganisha na Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda. Mwaka 1989 alitangaza kwamba ana Ukimwi, wakati dawa za kumwokoa hazikuwepo, akazunguka nchi akiongea na watu. Desemba mwaka huo alikufa. Hakuwa anaomba kura. Ama chukua desturi iliyokuja baadaye, ya viongozi kupimwa virusi mbele ya kamera, kama rais wa Tanzania alivyofanya Julai 2007. Ni jambo zuri, linavuta watu kliniki. Lakini kupimwa hadharani si kutoa siri. Siri ni majibu.

Na wale vijana 2,784? Walikubali bahati nasibu iamue juu ya miili yao kabla mtu yeyote hajajua jibu. Majina yao hayapo kwenye gazeti, na nadhani wengine wako hapa hapa mjini, wana watoto shuleni.

Halafu kuna wanaume wa Naivasha na Nakuru, ambao yaliyowapata yaliishia kwenye ripoti ya tume, kisha yakafika The Hague. Kwa mwanamume wa huku, yale si mambo ya kusemwa hata mbele ya ndugu. Januari 2012 majaji walikataa kuyaita ukatili wa kingono, wakayaweka chini ya "vitendo vingine visivyo vya kibinadamu". Desemba 2014 mashtaka yenyewe yakaondolewa. Hao ndio walitoa siri ya mwili bila bodigadi na bila mkutano wa hadhara, na sikumbuki makofi yoyote.