Somo la Historia: Mpiga Picha Alisimama Wapi?

Natumaini umekwisha kupumzika kidogo baada ya kazi, na daftari lako li karibu. Somo la leo ni juu ya vita, lakini hatutafungua kitabu. Tutatazama senema. Usicheke! Filamu ya habari za vita ni hati ya historia kama ilivyo barua ya zamani au daftari la kodi. Nayo yataka msomaji mwangalifu, maana kweli na uongo huweza kukaa ndani yake pamoja.

Tuchukue filamu moja tu. Mwaka wa 1916 Waingereza na Wafaransa waliwashambulia Wajeremani karibu na mto Somme, kaskazini ya Ufaransa. Wakuu wa jeshi la Uingereza waliwapa ruhusa wapiga picha wawili, Geoffrey Malins na John McDowell, kufuatana na askari. Picha zao ziliunganishwa zikawa filamu iitwayo The Battle of the Somme, ikaonyeshwa London mwezi wa Agosti, hali mapigano yenyewe yakiendelea mpaka Novemba. Yakadiriwa kwamba katika majuma sita tu tikiti kiasi cha milioni 20 ziliuzwa. Wengi walikwenda kutafuta nyuso za waume zao na wana wao.

Katika filamu ile iko sehemu iliyowatoa watu machozi. Askari wanapanda kutoka handakini kwenda kumkabili adui. Mmoja anateleza na kurudi chini, amekufa. Sasa itazame tena polepole. Askari hawana mashanta mgongoni. Handaki ni fupi, seng'enge ni haba. Na mpiga picha je? Kamera za siku zile zilikuwa nzito, zikisimama juu ya miguu mitatu na kuzungushwa kwa mkono. Mtu aliyesimama mahali pale na chombo kile, mbele ya bunduki za rashasha, asingalimaliza dakika moja. Wanahistoria wamekubali kwamba sehemu ile iliigizwa nyuma ya mstari wa vita.

Je, basi filamu yote tuitupe? La, hasha. Mlipuko wa Hawthorn Ridge ni wa kweli kabisa. Waingereza walichimba njia chini ya ngome ya Wajeremani, wakatia vitu vya kulipuka kiasi cha tani 18, wakavilipua tarehe 1 Julai saa moja na dakika 20 asubuhi. Malins aliipiga picha ardhi ikiinuka kama mlima, na kazi ile ilitaka moyo. Lakini filamu haikueleza jambo moja. Askari walitoka handakini saa moja unusu. Dakika kumi zile ziliwaonya Wajeremani kwamba wanakuja, wakapata nafasi ya kuweka bunduki zao tayari. Siku ile moja Waingereza 19,240 walikufa. Mtazamaji aliuona moshi, asiione hesabu.

Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, na vita huletwa mpaka kitandani mwako. Mwaka wa 2022, vita vya Ukraine vilipopamba moto, watu walipelekeana picha za ndege zikianguka, kumbe zimetoka katika mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3. Swali letu ni lile lile: mpiga picha alisimama wapi? Nani alimpa ruhusa ya kusimama pale? Ukikosa jibu, usiharakishe kumpelekea jirani.

Ila liko swali lililo zito zaidi, nami naona watu wengi hulisahau. Ni watu gani kamera haikuwafikia? Vita vya Tigray, nchini Ethiopia, vilianza Novemba 2020. Simu na intaneti zikakatwa, waandishi wakazuiliwa, na kwa muda mrefu dunia haikuona karibu chochote. Watu wa kule walikufa bila picha, na asiyeonekana hupata misaada kwa shida.

Nasi jambo hili si geni kwetu. Mwaka ule ule wa 1916, London ilipokuwa ikililia Somme, jeshi la Uingereza lilikuwa likiwafuata Wajeremani katika nchi hii ambayo leo ni Tanzania. Mizigo ilichukuliwa kichwani. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi kiasi cha 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi kwa njaa, kuhara na homa. Hakuna filamu yao iliyotazamwa na mamilioni. Wengi hata majina yao hayakuandikwa juu ya kaburi. Halmashauri ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo mwaka wa 2021. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, midomo yetu imelifanya Kariakoo, na leo tunanunua nyanya pale.

Zoezi la juma hili. Mwulize mzee mmoja wa kwenu kama katika ukoo wake yuko mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita ile. Akikutajia jina, liandike daftarini, pamoja na kijiji alichotoka. Tutaanzia hapo juma lijalo. Kwaheri, ndugu.