Bonde la Kilombero: safari za majini mbali na bahari

Anayetajiwa michezo ya majini nchini Tanzania huelekeza mawazo yake pwani ya mashariki ya Unguja, ambako katika fukwe za Paje na Jambiani wageni, na siku hizi vijana wenyeji pia, huteleza juu ya bahari wakivutwa na tiara kubwa. Huko upepo ndio mtaji: kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na kusi hushika zamu katikati ya mwaka. Lakini ipo nchi nyingine ya safari za majini, mamia ya kilometa kutoka baharini, isiyohitaji upepo na ambayo mara nyingine imedhuriwa nao. Nayo ni bonde la mto Kilombero, mkoani Morogoro, ambalo mji wake mkubwa ni Ifakara.

Bonde hilo limelala chini ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mito ya Ruhudji, Mnyera na Mpanga hushuka kutoka nyanda za juu, ikakutana katika tambarare na kuufanya mto Kilombero, ambao katika maandishi ya zamani huitwa pia Ulanga. Tambarare yenyewe ina urefu wa takriban kilometa 260, na mahali pengine upana wake hufikia kilometa 50. Masika inapokolea, hasa Machi na Aprili, mto huacha kuwa mto. Hutapakaa katika mbuga, ukameza njia, mashamba na mapito ya wanyama, na mtu aliyezoea kwenda kwa baiskeli hulazimika kwenda kwa mtumbwi.

Hapo ndipo ulipozaliwa ustadi ambao mgeni huuona kuwa mchezo na mwenyeji huuona kuwa kazi. Mtumbwi wa Kilombero huchongwa katika gogo moja. Ni mwembamba, una kina kidogo, na husukumwa kwa pondo pale penye matete na kwa kasia penye kina kirefu. Aliyesimama nyuma huutawala kwa uzito wa mwili wake, na abiria anayejigeuza ovyo ili apige picha huweza kuutia maji kabla hajamaliza kuomba radhi. Wandamba, watu wa mto kwa asili, wanasifika kwa ustadi huo tangu kale. Mwaka 1926 Mwingereza A. G. O. Hodgson alichapisha maelezo juu ya desturi zao za uwindaji, na miaka tisa baadaye, mwaka 1935, afisa wa wilaya A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick walitoa kitabu juu ya Wabena wa bonde hilo, ambacho kina mchango wa Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Kabla yao, katika miaka ya 1880, Mjerumani Joachim von Pfeil alikuwa amepita akichunguza nchi ya Ulanga. Wasafiri hao wameandikwa majina. Waliowavusha hawakuandikwa.

Kwa vizazi vingi safari kubwa kuliko zote bondeni ilikuwa ile fupi kuliko zote, yaani kuvuka kutoka upande wa Ifakara kwenda upande wa Ulanga na Mahenge. Kivuko cha injini kilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na foleni ya magari na ya watu wenye magunia ya mpunga ilikuwa sehemu ya maisha. Wakati wa mafuriko mto ulikuwa ukikataa kuvukwa. Mwishoni mwa Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II, kikiwa na abiria na magari, kilipinduka baada ya kukumbwa na upepo mkali ulioambatana na mvua. Waliowahi kudhani kwamba maji ya bara ni mapole kuliko ya bahari walipata jibu lao siku hiyo. Daraja lililokuwa likijengwa jirani, lenye urefu wa meta 384, lilizinduliwa Mei 2018 na Rais John Magufuli, nalo limepewa jina lake. Tangu hapo basi huvuka kwa dakika moja, na mtumbwi umerudi kwa mvuvi, mkulima wa ng'ambo na msafiri anayeutafuta kwa hiari.

Msafiri wa namna hiyo huja kwa mambo mawili. La kwanza ni viumbe wa mbuga. Eneo lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 7,967 liliingizwa mwezi Aprili 2002 katika orodha ya ardhioevu za umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni sheshe, swala wa rangi ya dhahabu apendaye kuishi kando ya maji, ambaye wakati ule ilikadiriwa kwamba karibu robo tatu ya waliopo duniani wako Kilombero. Yupo pia mnana wa Kilombero, ndege mdogo wa matete ambaye sayansi haikumjua hadi alipoelezwa mwaka 1990, ingawa alikuwa akijenga viota karibu na kivuko ambacho maelfu ya watu walipita. Aina nyingine mbili za ndege wadogo wa bonde hilo zilisubiri hadi mwaka 2021 ndipo zikapewa majina ya kisayansi. Mtumbwi unaokwenda taratibu asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, ndicho chombo kinachofaa zaidi kuwafikia ndege hao, kwa kuwa hauna mlio.

Jambo la pili halifahamiki sana kwa Watanzania wa mijini, lakini linatajwa sana na wavuvi wa mshipi wa Afrika Kusini, Ulaya na Marekani. Katika mito ya Mnyera na Ruhudji, juu ya tambarare, anaishi samaki mwindaji wa jamii ya Hydrocynus. Mwili wake ni wa fedha wenye michirizi myeusi, mkia ni mwekundu, na meno yake hutokeza nje hata akiwa amefumba kinywa. Ndugu yake mkubwa zaidi ni yule wa mto Kongo, aitwaye Hydrocynus goliath, na aina mojawapo ya jamii hiyo, inayopatikana katika mito ya Tanzania ikiwamo Rufiji, iliitwa Hydrocynus tanzaniae mwaka 1986. Katika Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, kuna mashindano ya kumvua samaki wa jamii hii tangu mwaka 1962. Kinachoitofautisha Mnyera na Kariba ni ukubwa wa samaki katika mto mwembamba: wavuvi wamewapata wa kilo tisa na zaidi, chini ya miti iliyoinamia maji, mahali ambapo mtu angetarajia kambale.

Kampuni ya Tourette Fishing ya Afrika Kusini ndiyo iliyoitangaza zaidi mito hiyo duniani. Wageni huruka kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hadi kiwanja cha nyasi, hukaa kambini kwa siku kadhaa, na huvua wakiwa ndani ya boti, kwani kusimama majini ni kujitoa kwa mamba. Msimu ni wa kiangazi, kuanzia Agosti hivi hadi mvua zinapoanza, wakati maji yamepungua na kuwa maangavu. Chambo si nyama. Ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana zikafanana na samaki mdogo, na kati ya ndoana na mshipi huwekwa kipande cha waya, kwa sababu meno yale hukata uzi kama wembe. Samaki akinasa huruka juu ya maji na kutikisa kichwa, na mara nyingi huitema ndoana. Anayekamatwa hupimwa, hupigwa picha, kisha hurudishwa mtoni akiwa hai.

Kwa mtu aliyekulia kando ya mto huo, kulipa maelfu ya dola ili umkamate samaki na kumwachia ni jambo la kushangaza, na mshangao huo una haki yake. Vijiji vya bondeni huishi kwa mpunga na samaki. Hata hivyo samaki aliyeachiwa ndiye anayemrudisha mgeni mwaka unaofuata, na pamoja naye mshahara wa nahodha wa boti, mpishi na mwongozaji anayejua ni kisiki kipi samaki hujificha chini yake. Swali la kweli si kama mchezo huo una maana. Ni kiasi gani cha fedha hizo hubaki bondeni, na ni nani anayeruhusiwa kutega nyavu mahali ambapo mgeni anarusha mshipi. Swali hilo limekuwa gumu zaidi tangu sehemu ya tambarare ilipopandishwa hadhi kuwa pori la akiba mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya mvutano kati ya uhifadhi, wakulima na wafugaji. Mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa makundi makubwa ya ng'ombe yaliyokuwa yameingia bondeni, na kumbukumbu zake bado ni chungu kwa familia nyingi.

Mashamba nayo yamesogea hadi kingo za maji. Mbuga ambazo zamani zilikaa chini ya maji hadi Juni sasa hulimwa, mito midogo inayotoka Udzungwa huelekezwa mashambani, na sheshe wamepungua sana kulinganisha na hesabu za miaka ya 1990. Kinachotokea hapa hakiishii hapa. Kilombero hutoa takriban asilimia 62 ya maji ya Rufiji, kiasi kinachozidi sana kile cha Ruaha Mkuu, ambao ndio unaosemwa zaidi magazetini. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115 na ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024, hunywa kwanza kutoka bonde hili. Taa ya Kariakoo na samaki wa Mnyera wanategemea mvua ile ile.

Anayetaka kwenda haangaiki kama zamani. Kutoka Dar es Salaam hupita Morogoro na Mikumi, akashuka Kidatu, na kutoka hapo hadi Ifakara, mwendo wa takriban kilometa 67 uliokuwa maarufu kwa matope, sasa kuna lami. Treni ya TAZARA pia husimama Ifakara, na kabla ya kufika hupita katika nyika za Nyerere ambako abiria huona wanyama dirishani. Ila ratiba yake imekuwa ikibadilika mara kwa mara, na ni busara kuuliza stesheni kabla ya kufunga mizigo. Njiani ipo Mang'ula, lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye maporomoko ya Sanje ambayo kimo chake ni meta zipatazo 170.

Safari fupi za mtumbwi hupatikana kwa kuelewana na wavuvi karibu na daraja, na bei huafikiwa kabla ya kupanda. Anayetaka kwenda mbali, ndani ya pori la akiba, hana budi kupata kibali cha mamlaka ya wanyamapori, na anayetaka kuvua awe na leseni. Fulana ya kujiokolea ni vyema mtu aje nayo mwenyewe, maana kwa mwenye mtumbwi huenda isipatikane. Maji yaliyotuama yana kichocho, na bonde lina malaria ya kutosha kulifanya kuwa makao ya utafiti: maabara iliyoanzishwa Ifakara katika miaka ya 1950 na Mswisi Rudolf Geigy ndiyo iliyokua ikawa taasisi ya afya ijulikanayo leo kwa jina la mji huo.

Hatari inayoogopwa zaidi na wapiga pondo si mamba, ni kiboko. Huwa amezama, haonekani, na mtumbwi unaopita kati yake na kina kirefu humfanya aone njia yake imezibwa. Kwa hiyo wenyeji hugonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo wanapokaribia kona yenye maji meusi, husubiri, husikiliza, na akijibu mkoromo kutoka matetesi, hugeuza na kuzunguka kwa njia ndefu bila ubishi, hata kama mgeni ana haraka ya kuwahi basi.