Binodini Dasi: Aliyejenga Ukumbi, Akanyimwa Jina

Mwaka 1874, katika jiji la Kolkata ambalo Waingereza waliliita Calcutta, mtoto wa kike asiyezidi miaka 12 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Alicheza mjakazi wa mhusika aitwaye Draupadi, nafasi ya maneno machache, kwa mshahara wa rupia 10 kwa mwezi. Jina lake Binodini Dasi. Alilelewa na mama na bibi yake katika umaskini, kwenye mitaa ya wanawake ambao jamii iliwahesabu kuwa makahaba.

Hakuwa peke yake katika hali hiyo. Hadi mwaka 1873, wakati Bengal Theatre ilipoanza kuajiri wanawake, nafasi za kike katika kumbi za Kolkata kwa kawaida zilichezwa na wanaume. Na wanawake walipokubaliwa, hakuna familia ya heshima iliyoruhusu binti yake aonekane jukwaani, kwa hiyo waigizaji wakatafutwa kwenye mitaa ile ile. Watazamaji waliwashangilia usiku, na mchana wakawakwepa.

Mwalimu wake mkuu alikuwa Girish Chandra Ghosh, mwandishi, mwigizaji na mwongozaji. Alimsimulia habari za waigizaji wa Ulaya na kumfundisha kuingia ndani ya mhusika kabla ya kutamka neno. Mwanafunzi alielewa haraka. Katika mchezo wa *Meghnadbadh* alicheza wahusika saba katika onyesho moja.

Kisha akatokea Gurmukh Ray, kijana tajiri aliyemtaka awe wake. Wenzake Binodini walitaka ukumbi wao wenyewe, na fedha alikuwa nazo Ray. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake Binodini, Ray alimwahidi rupia 50,000 iwapo angeachana na maigizo. Alizikataa, akataka ukumbi ujengwe. Ulipojengwa katika mtaa wa Beadon, yeye mwenyewe alijitwika makapu ya udongo kujazia mahali pa kukaa watazamaji. Wenzake walikuwa wamemwahidi kwamba ukumbi utaitwa kwa jina lake. Waliporudi kutoka kuuandikisha mwaka 1883, akawauliza umeitwaje. Wakamjibu: Star.

Waliogopa kwamba watu wangesusia ukumbi wenye jina la kahaba. Naona hoja hiyo ni dhaifu kabisa, maana watu hao hao ndio walionunua tiketi ili wamwone yeye. Hata Ray alipoamua kujitoa na kutaka kumwachia Binodini hisa, Girish alimshawishi mama yake Binodini akatae. Ukumbi ukauzwa kwa wanaume wanne.

Hata hivyo aliendelea kuigiza, na pengine hapo ndipo alipofika kileleni. Septemba 1884 mtakatifu Ramakrishna alikuja kutazama mchezo wa *Chaitanya Lila*, ambamo Binodini alikuwa Chaitanya, mcha Mungu wa kiume wa Bengal. Baada ya onyesho alimbariki. Mwaka uliofuata, Ramakrishna akiwa mgonjwa na wafuasi wakizuia wageni, Binodini alivaa suti na kofia kama Mzungu, akapita mlangoni bila kutambuliwa. Mgonjwa alipojua ni nani, alicheka sana.

Mwanzoni mwa mwaka 1887, akiwa hajafika miaka 25, aliliacha jukwaa, na hakurudi tena. Mwaka 1904 alifiwa na binti yake wa pekee. Kalamu ndiyo iliyobaki: mashairi, kisha mwaka 1912 kitabu cha maisha yake, *Amar Katha*. Alimwomba Girish aandike utangulizi. Alipousoma, hakuridhika: aliona mwalimu wake ameyaacha yaliyokuwa ya kweli. Akamtaka auandike upya, lakini Girish akafariki mwaka huo huo. Kwa hiyo mwanafunzi akabaki kuyasema mwenyewe, kwa majina na bila kuomba radhi. Alifariki mwaka 1941.

Ukumbi wa Beadon ulibomolewa kupisha barabara. Kampuni ya Star ilikuwa imeshahamia mtaa wa Hatibagan tangu 1888, na ni jengo hilo la pili ambalo serikali ya West Bengal ilitangaza, mwishoni mwa 2024, kuwa litaitwa Binodini.