Nyumba ya Uchunguzi Pale Kilifi

Jilore ni nchi ya Wagiriama, bara kidogo kutoka Malindi, karibu na mto Sabaki. Maji yale ni neema kwa mkulima, lakini ni mazalio ya mbu pia. Katika pwani hii yote homa ya malaria imewazika watoto wasiohesabika.

Katika mwaka wa 1989 kundi dogo la wataalamu wa KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya ya uchunguzi wa tiba, lilianza kazi mjini Kilifi kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la Wellcome la Uingereza. Hawakujitenga na wagonjwa, bali walikaa ndani ya hospitali ya serikali, na maswali yao yakatoka vitandani.

Matunda yakaonekana. Kati ya 1993 na 1995 vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa vijijini, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa thuluthi moja. Kisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania walichunguzwa, nayo matokeo yakatangazwa mwaka wa 2011. Ilidhaniwa kwamba mtoto mahututi wa homa hufaidika akitiwa maji mengi mshipani kwa haraka. Kumbe sivyo! Katika siku mbili za kwanza, kwa kila watoto 100 waliotiwa maji hayo walikufa kama 11. Kwa wasiotiwa walikufa 7. Nia njema pasipo uchunguzi yaweza kuua.

Basi, nyumba kama hii hudumu kwa nini? Fedha ni lazima, na nyingi zimetoka ng'ambo. Lakini fedha pekee hazitoshi. Wako wazazi waliohofu damu ya watoto wao ilikokwenda. Hofu ile haikuondolewa kwa amri. Wenyeji walichagua wajumbe wao, wakaketi na wataalamu, wakauliza na kujibiwa. Kadhalika vijana wa Afrika Mashariki wamefundishwa hapo hata kupata shahada za juu kabisa.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini mgeni huja na kuondoka. Nyumba itasimama iwapo mwenyeji atajifunza kazi, na serikali yake itatoa fungu lake kila mwaka, ili siku msaada utakapopungua, mtoto wa Jilore asikose kinga.